Mashine Ikae Uani

Sauti yangu ilitoka kinywani ikiwa nzima, ikarudi kwangu kupitia juu ya paa ikiwa kibogoyo. Niliisikia kwa masikio yangu haya haya. Nilikuwa nimeketi mkekani uani, nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, wanawake wamenizunguka, tari zinalia, nami nimeishika maikrofoni kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Pale uani kila neno lilikuwa na meno yake. Kule nje barazani, walikokaa wanaume, spika mbili zilizofungwa juu ya nguzo zilitoa mngurumo mtupu. Penye s palibaki pumzi. T na k zilikuwa zimemezwa kabisa. Ungedhani ni mtu anayeimba ndani ya pipa, tena amejifunga kitambaa mdomoni.

Nilipomaliza, wanaume wakapiga makofi. Hilo ndilo lililoniua. Wangenizomea, ningejua wamesikia. Walipiga makofi ya adabu, na mmoja wao nikamsikia akisema, sauti yake ikivuka ukumbi mzima hadi uani:

"Binti Pazi ana sauti tamu, wallahi! Sijui anasema nini, lakini ni tamu!"

Aliyesema hivyo alikuwa Bushiri, aliyekuwa mume wangu. Na kila neno nililoimba alasiri ile lilikuwa limetungwa kwa ajili yake.

Watu husema uzee hupoza hasira. Hayo ni maneno ya watu ambao hawajapata kukasirika sawasawa. Mimi sasa ni bibi wa wajukuu wenye ndevu, na yako mambo mengi niliyoyasahau, hata nyuso za watu niliowapenda. Makofi yale sijayasahau.

Sauti ya Bushiri haikuhitaji waya wala spika. Alikuwa dalali. Alikuwa akinadi vitanda, vyombo na baiskeli kuukuu kando ya soko la Kariakoo, na akiita bei, wachukuzi walisimamisha mikokoteni yao wapate kumsikiliza. Nilimpenda kwa sauti hiyo, nisifiche. Msichana wa miaka kumi na saba akisikia mwanaume anaufanya mtaa mzima ucheke, hajiulizi huyo mtu akikosana naye itakuwaje.

Masika ya mwaka wa hamsini na tatu mama yangu aliugua huko Maneromango. Niliomba ruhusa kwa Bushiri, akanipa, wala hakunipa kwa kununa. Alinisindikiza alfajiri hadi kwenye mabasi, akaniaga mbele za watu, na kaka yake, Nassibu, akapanda juu ya basi akaufunga mzigo wangu kwa kamba usije ukaanguka. Binti yetu Sikudhani, aliyekuwa na miaka minne, tulimwacha kwa bibi yake mzaa baba kwa sababu njia zilikuwa tope tupu. Mama hakupona. Nikamzika, nikakaa matanga, mvua ikaikata barabara. Niliporudi Kariakoo nilikuta talaka yangu inanisubiri, mke mpya ndani ya chumba changu, khanga zake zinaning'inia kwenye kamba niliyoifunga mimi. Na pamoja na talaka nilikuta hadithi: kwamba Binti Pazi alitoroka na mpiga ngoma wa Kisarawe, akamtupa mtoto wake.

Wazee wa mtaa walikaa. Mwanamke hakuwa akisema barazani siku zile. Alinisemea mjomba wangu, mtu mwenye haya nyingi, aliyekohoa kuliko alivyozungumza. Bushiri alijisemea mwenyewe, na kusema ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wazee wakatikisa vichwa. Mama aliyetupa mtoto hana mtoto, wakasema, Sikudhani atabaki kwa babake. Nassibu alikuwepo pale pale kwenye mkeka. Yeye aliyeufunga ule mzigo kwa mikono yake alikaa kimya anachezea tasbihi.

Nikabaki na mlango mmoja tu. Kwetu, mwanamke akiimba harusini anaweza kusema lile asiloweza kulisema barazani, na hakuna wa kumwambia anyamaze, maana ni wimbo. Wanaume hukaa nje, husikiliza, hutazamana, na kesho yake mtaa mzima unajua. Mimi nilikuwa mwimbaji wa chama cha akina mama wa Mtaa wa Kongo. Nilikaa tangu Ramadhani hadi Mfunguo Tatu nikiutunga wimbo ule, nikiupima mstari kwa mstari nikitwanga, nikifua, nikilala. Nikaupeleka harusini. Ukaliwa njiani, kati ya ua na baraza.

Mashine ile ilikuwa ya Manubhai, Mhindi mwenye duka la redio kule Mchafukoge, ambaye alikuwa akiikodisha kwa harusi na mikutano. Asubuhi yake nilikwenda dukani kwake. Sikupiga hodi.

"Mashine yako mbovu," nilimwambia.

Manubhai alivua miwani. "Mashine nzima kabisa, mama."

"Basi wimbo wangu umekwenda wapi?"

Alifikiri kidogo. "Umebaki kwenye waya," akasema.

Akanieleza, na kwa haki ya Mungu alinieleza vizuri. Sauti ikitoka kwenye maikrofoni bado ni changa, haina nguvu. Ukiitembeza kwenye waya mrefu kabla haijafika kwenye mashine, yale maneno membamba hufia njiani, yakafika manene peke yake. Na waya ule, kwa urefu wake, hudaka kila mvumo unaoukuta. Lakini sauti ikishapita ndani ya mashine imepata nguvu. Hapo hata ukiivutia waya wa kwenda mbali, itafika. Kwa hiyo mashine hukaa miguuni pa mwimbaji, na waya mrefu ukawa wa spika.

"Na jana?"

"Jana wewe uko uani, mashine iko barazani. Waya wa maikrofoni umepita ukumbi wote. Halafu wenye nyumba wakaufunga pamoja na waya wa umeme, kwa kamba moja, ili ukumbi uonekane nadhifu. Ule mngurumo ulitoka hapo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama. Na niliwaambia. Wakasema mashine ni heshima ya harusi, ikae mbele ya wageni, watu waione ile taa nyekundu. Na fundi ni mimi. Mwanaume mimi nitakaaje uani kwa wanawake?"

Damu ilinichemka hata nikaishika meza. Si kwamba alisema uongo. Ni kwamba alisema kweli tupu, na kweli yenyewe ilikuwa ya kipuuzi kiasi hicho. Mwanangu alikuwa analazwa na mwanamke mwingine kwa sababu ya taa nyekundu. Wanaume wametaka kuitazama mashine, basi mwanamke aliyekuwa na la kusema akatupwa mwisho wa waya. Nilimwambia Manubhai kwamba mtu anayejua kitu kitaharibika na bado akachukua kazi hana tofauti na aliyekiharibu. Aliirudisha miwani usoni polepole.

"Mimi naweza kukaa uani, dada."

Ilikuwa sauti ya binti yake, Harshida. Alikuwa amekaa nyuma ya kabati la vioo, analehemu waya ndani ya redio iliyofunuliwa tumbo, na hakuinua kichwa alipokuwa akisema. Msichana mzima, amezaliwa mtaa ule ule, Kiswahili chake cha mtaa ule ule. Baba yake akamgeukia, akaanza kusema Kigujarati kwa haraka na kwa muda mrefu. Harshida alimsubiri amalize, kisha akamjibu kwa Kiswahili, nadhani kusudi nisikie.

"Bapuji, huko ni wanawake watupu. Uliwahi kunipeleka mahali salama zaidi ya hapo?"

Harusi iliyofuata haikukawia. Ilikuwa ya binti yake Nassibu, yule yule Nassibu. Mkewe, Bi Mgeni, ndiye aliyekuja kukialika chama chetu. Alikuja kwangu peke yake, akiwa na aibu kidogo, maana alijua mimi ni nani kwao. Lakini alitaka bintiye aimbiwe na mimi, na mama wa bibi harusi akitaka jambo lake huwa halina mjadala.

"Nitakuja," nilimwambia. "Ila mashine ikae uani, na fundi ni binti wa Manubhai. La sivyo mtafuteni mwingine."

"Baba wa bibi harusi hatakubali, Binti Pazi. Ameshatangaza mashine itakaa mezani kwake, mbele ya wageni wa Ilala na wa wapi sijui."

Nilipompelekea Harshida habari hiyo alicheka hata akaiweka lehemu chini. Mezani kwake kitakaa kitu, akasema. Dukani kulikuwa na kasha la mashine ya zamani iliyokufa, ndani hamna hata msumari wa maana. Lilikuwa na vifundo vyake vyote vya kuzungusha. Alilipangusa, akalitia taa nyekundu ya betri ya tochi, akachomeka waya mmoja usiokwenda popote. Manubhai alikataa katakata. Akasema yeye ni mtu wa biashara, ana jina. Kisha akalitazama lile kasha linavyowaka, akaanza kucheka, na mtu akishacheka amekwisha kukubali.

Siku ya harusi Harshida alifika mapema, amevaa sari ya kazi, bangili zote amezivua zisije zikalia karibu na maikrofoni. Mashine yenyewe, ile nzima, ilikuja imefunikwa kwa khanga ndani ya kapu pamoja na sahani za pilau. Akaiweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu yangu hivi kwamba waya wa maikrofoni haukuzidi urefu wa khanga. Umeme ulivutwa kutoka duka la jirani, la Mchaga mmoja aitwaye Tarsis. Harshida akaukalisha waya wa umeme ukuta mmoja wa ukumbi na waya wa spika ukuta wa pili, na mahali ambapo hapakuwa na budi zikutane, akazipishanisha kama njia panda.

"Hizi mbili hazitembei pamoja," aliwaambia wanawake waliokuwa wanamtazama. "Zikikutana, zisalimiane zipite."

"Kama mimi na wifi yangu," akasema mmoja, na ua mzima ukaangua kicheko.

"Jaribu kusema neno, dada," Harshida akaniambia. "Lolote."

Sikuwa nimejiandaa. Neno lililonitoka lilikuwa jina la mwanangu. Nilisema "Sikudhani," kwa sauti ya kawaida, kama ninayemwita aje kula. Na kutoka barabarani, juu ya mapaa, likanirudia zima, lina s yake na k yake, kila kitu mahali pake. Sikudhani mwenyewe hakuwepo. Walikuwa wamemficha Ilala kwa bibi yake asije akaniona. Harshida akajifanya anarekebisha kifundo.

Baada ya sala ya alasiri wanaume wakajaa barazani. Tulianza na nyimbo za kumsifu bibi harusi, kama inavyopasa, na nje wakashangilia kwa kuwa walisikia. Nikawaona wanawake wakitazamana. Hata wao hawakuzoea kusikia maneno yao yakifika. Halafu nikaashiria tari zipungue. Mafumbo niliyokuwa nimeyatunga mwanzo niliyaacha. Nilikuwa nimechoka na mafumbo. Nikasema wazi:

*Uliniaga mwenyewe, ukanipakia gari,*
*Mamangu nimuuguze, ukasema nenda heri,*
*Leo wauza uwongo, mnadani kwa kiburi,*
*Mwana ni wangu wa tumbo, nirudishie johari.*

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na Manubhai, aliyekuwa amekaa kando ya lile kasha bovu. Alisema ubeti ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Kikombe kimoja cha kahawa kilisikika kikiwekwa chini. Kisha watu wakaanza kugeuza shingo kumtafuta Bushiri, mmoja baada ya mwingine, na Bushiri akainuka akitabasamu tabasamu lake la mnadani. Akasema mashine inapiga kelele mno, wazee hawasikilizani. Akaenda mezani, akazungusha kifundo cha kwanza. Mimi nikaurudia ubeti. Akazungusha cha pili na cha tatu. Nikaendelea. Akavizungusha vyote kwa mikono miwili kama mtu anayefunga mabomba ya maji, kisha akaukamata waya akaung'oa. Taa nyekundu ikazimika. Sauti yangu ikabaki pale pale juu ya kichwa chake, *mnadani kwa kiburi*, na wanaume waliokuwa wakijizuia wakashindwa. Walicheka, kicheko kile kile alichozoea kukivuna sokoni.

Ndani mimi sikuyajua hayo. Nilisikia kicheko tu, na nikajua wamenisikia. Nikaongeza nililokuwa nimeliweka mwisho:

*Aliyefunga mzigo, kwa kamba juu ya gari,*
*Yupo hapo barazani, ukweli kaweka siri.*

Bi Mgeni alikuwa amesimama karibu na jiko na upawa mkononi. Nilimwona akielewa. Mume wake ndiye aliyerudi nyumbani alfajiri ile na mikono imechubuliwa na kamba, na yeye Bi Mgeni ndiye aliyempaka mafuta. Aliniambia hayo baadaye. Ilikuwa harusi ya bintiye na mimi nilikuwa nimemvua nguo baba wa bibi harusi mbele ya wageni wake wote. Sikuomba radhi, na siombi leo. Ila niliogopa. Nilidhani atakuja kuninyang'anya maikrofoni.

Aliweka upawa chini. Akaburuta kigoda hadi kwenye mlango wa kutoka ukumbini kuja uani, akakaa, akaujaza mlango wote.

Bushiri alikuwa amekwisha kufika ukumbini. "Zimeni hiyo mashine!" akapiga kelele. "Nani anaiendesha? Zimeni!"

"Ingia uzime mwenyewe, shemeji," Bi Mgeni akamjibu, bila kupandisha sauti. "Lakini wanawake humu hawajajitanda."

Hakuweza kuingia. Mtu yule aliyeweza kumtupa mama wa mtoto wake kwa maneno matatu hakuweza kuvuka kizingiti cha ua wenye wanawake vichwa wazi, maana wenziwe wangemwona. Ile ile adabu iliyokuwa imenitupa mwisho wa waya ilimsimamisha pale mlangoni. Harshida alinitazama, mkono wake uko kwenye kifundo. Alikizungusha mbele kidogo. Nikaimba tangu mwanzo, beti zote, na Bushiri akawa anapayuka ndani ya ukumbi peke yake, vigelegele vinamzika.

Mtasema nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo. Nilivyoendelea kuimba ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu nilikuwa nikisikia jinsi ilivyokuwa rahisi. Waya mfupi huku, waya mrefu kule. Basi. Kwa kitu kidogo namna hiyo nilikuwa nimekaa mwaka na zaidi bila mwanangu, watu wazima wenye akili zao wakiniambia nivute subira. Nilipomaliza koo lilikuwa linawaka, na mama mmoja akaniletea maji, nikayakataa.

Mambo yakazunguka mtaani kama nilivyojua yatazunguka. Msikitini watu wakawa hawampi Nassibu nafasi ya kukaa karibu nao. Kwenye mnada wa Bushiri, akitaja sifa za kitanda, vijana walikuwa wakimdakia kwa mbali: "Nenda heri!" Wazee hawakukaa tena baraza. Hakuna aliyekuja kwangu kusema walikosea. Watu wa namna ile huwa hawakosei, hubadilisha mazungumzo tu.

Kisha siku moja, mchana wa jua kali, mlango wa chumba nilichopanga ukabishwa. Alikuwa Nassibu. Amemshika Sikudhani kifundo cha mkono, na kwa mkono wa pili amebeba furushi la nguo zake. Mtoto alikuwa amerefuka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa ovyo ovyo na mtu mwenye haraka. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mgeni aliyeambiwa amwamkie.

"Shikamoo," akasema.

Nikamwitikia marahaba. Nikampokea furushi, nikampitisha ndani, akaenda kujibana kwenye pembe ya kitanda.

Nassibu hakuondoka. Alisimama mlangoni akifuta jasho, uso umejaa huruma, na huruma ile, nikamtazama vizuri, ilikuwa ya kujihurumia yeye.

"Shemeji," akaniambia kwa upole, kama mkubwa anayemwonya mdogo, "kama mambo yalikuwa hivyo, si ungesema tu tangu mwanzo? Mbona hukusema?"

Nilimfungia mlango usoni. Kisha nikakaa sakafuni, si karibu sana na mwanangu, nikaikalia mikono yangu, maana ilikuwa na hasira bado na sikutaka aione, nikamsubiri anisogelee.